Bahasha Kumi na Saba: Siku Sita Kati ya Bukavu na Goma

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha mjini Goma. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao pembezoni mwa mtaa wa Birere, upande unaotazama katikati ya mji, chenye pazia lililochorwa ziwa, mlima na ndege inayopaa. Ilidumu hadi tarehe 17 Januari 2002, siku ambayo lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka na kupita mjini mpaka ziwani. Siku ile alituvusha mpaka wa Rwanda kwenda Gisenyi akiwa na kamera yake ya Yashica shingoni, daftari la wateja chini ya shati, na kopo la bati la maziwa ya unga mkononi. Ndani ya kopo hakukuwa na pesa. Kulikuwa na bahasha za picha ambazo wateja walilipia nusu ya bei na hawakurudi kuzichukua. Baadaye tulihamia Bukavu, na mpaka anafariki baba hakukubali hata bahasha moja itupwe, kwani alihesabu kwamba ile nusu iliyokwisha kulipwa ni deni lake yeye, wala si la mteja.

Bahasha zote ni 112, na karibu zote ni za miaka ya vita: kuanzia Novemba 1996, mji ulipotekwa na waasi wa AFDL, hadi mwisho wa 2001, wakati Goma ilikuwa makao makuu ya kundi la waasi la RCD. Wamo askari, wamo wauza unga, walimu, maharusi na watoto wa shule, wote mbele ya pazia lilelile. Mwezi wa Agosti 2023 nilichagua bahasha 17 ambazo daftari lilikuwa na maelezo ya kutosha juu yake, kama vile mtaa, kazi, kanisa au jina la ndugu anayefahamika, nikaenda Goma kuzitafutia wenyewe. Nimeandika haya baada ya kurudi, nikifuata kijitabu changu na picha za simu. Picha za baba zenyewe sitazionyesha na majina sitayataja, kwa sababu waliopigwa hawakuombwa ruhusa hiyo, na kwa sababu sare iliyovaliwa kwa fahari mwaka 1997 inaweza kuiletea familia shida leo.

Siku ya kwanza: Jumatatu, 7 Agosti 2023, Bukavu na ziwani

Nilikata tiketi ya meli ya usiku, daraja la viti, kwa dola 15. Boti ya kasi ilikuwa ikifika Goma kwa muda wa saa tatu hivi, lakini nauli yake ilizidi hiyo mara tatu, nami nilitaka fedha zibaki kwa ajili ya kuzunguka mjini. Tuliambiwa kwamba tungeondoka saa kumi na mbili jioni. Tuliondoka saa mbili na nusu usiku, baada ya vibarua kumaliza kupakia magodoro, makreti ya bia na magunia ya unga wa muhogo, na kwa muda wote huo nilikaa bandarini na kopo mapajani, nikila sambaza wa kukaanga na bugali niliyonunua kwa faranga 4,000 kwa mama mwenye jiko la makala karibu na lango. Siku zile dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa faranga 2,400 na zaidi kidogo.

Atakayepanda meli ya usiku abebe blanketi hata kama mchana ni wa jua, kwa maana ziwa Kivu liko juu ya mita 1,400 na upepo wake wa usiku huingia mifupani. Mimi sikubeba. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu, mwalimu mstaafu kutoka Kabare, alinifunika nusu ya blanketi lake bila kuniuliza, kisha akauliza kuna nini kwenye kopo ninalolishika kama mtoto mchanga. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, halafu akaniambia habari za picha ya baba yake.

Baba yake alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, katika vita vya pili vya dunia. Wenyeji wa Bukavu wanaijua kambi ya Saio, lakini si wote wanaojua kwamba jina lake linatoka Ethiopia, mahali ambapo jeshi la Kongo lilipokea kujisalimisha kwa Waitalia mwezi wa Julai 1941, baada ya Asosa na Gambela. Baadaye wengine walipelekwa Nijeria, kisha Misri na Palestina. Huko Misri baba yake mwalimu aliingia studio ya Cairo akiwa na sare safi, akapigwa ameketi kwenye kiti cha henzirani, mkono mmoja juu ya meza yenye chombo cha maua. Picha ilifika Kabare kabla yake, na kwa kuwa mama hakujua kusoma barua iliyoandamana nayo, aliigeuza picha yenyewe kuwa barua: akahesabu vidole, akatazama kama miguu yote miwili ipo, akairidhia, akaiweka nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Mzee alisema kwamba mpaka leo, akiitazama, naye huanza kwa kuhesabu vidole.

Usiku wa manane tulipita kando ya kisiwa cha Idjwi, ambacho Wajerumani walikiteka Septemba 1914 na ambacho majeshi ya upande wa Kongo yalikikomboa mwaka 1916, kabla ya kwenda hadi Tabora. Picha za askari wa wakati ule nilizowahi kuziona zinafanana: afisa Mzungu ana jina chini yake, na waliojipanga nyuma yake wanaitwa askari tu. Baba yangu hakusoma historia hiyo shuleni, lakini kila bahasha yake ina jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino, tena kwa herufi kubwa.

Siku ya pili: Jumanne, 8 Agosti, Goma

Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukaguzi wa karatasi bandarini ulichukua karibu saa nzima kwa sababu abiria wote walipangwa mstari mmoja. Msafiri awe na kadi yake ya mpigakura karibu na mkono, si chini ya mzigo. Tena asitoe simu kupiga picha bandarini, kwenye vizuizi, kandokando ya uwanja wa ndege wala karibu na mwanajeshi yeyote. Wakati wa safari yangu Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na picha ya kumbukumbu ingeweza kukugharimu siku nzima ya maelezo.

Shangazi yangu alinipokea mtaa wa Himbi kwa chai ya maziwa, mkate na jibini ya Masisi. Akaniambia nilale kwanza. Sikuweza. Nilipanda teksi ya pikipiki, ambayo hapa huitwa moto, kwa faranga 1,500, nikaenda kutafuta mahali pa studio.

Lava ya mwaka 2002 ilifunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Waliorudi hawakuiondoa, walijenga juu yake, na kwa mawe yake. Ndiyo maana kiwanja cha baba hakipo tena mahali nilipokikumbuka, bali kiko chini, mita mbili au tatu chini ya duka la simu lenye ghorofa. Negativu zote ziko humo. Picha za kopo hazina nakala nyingine popote duniani, na nilipokuwa nimesimama pale, huku chukudu, yaani skuta za mbao za kubebea mizigo, zikinipita mbiombio na magunia ya viazi, nilijikuta nimelikumbatia lile kopo kwa mikono miwili.

Mwenye duka hakujua chochote kuhusu studio, lakini alimtuma kijana wake anipeleke kwa mama mshonaji, barabara mbili kutoka hapo, ambaye alikuwa jirani yetu tangu zamani. Hakunitambua kwa sura. Alinitambua kwa kopo. Nilimwonyesha bahasha ya kwanza, na kabla hajamtazama mtu aliyemo, aliweka kidole kwenye koti.

“Ile koti njo nilishona miye,” alisema.

Koti hilo linastahili maelezo. Lilikuwa la kijivu, na ukilitazama kwa mbele lilikuwa koti kamili, lenye kola, mfuko wa leso na vifungo vitatu. Mgongoni lilikuwa wazi kutoka juu hadi chini. Baba alimvisha mteja kwa mbele, kisha akalivuta kwa nyuma na kulibana kwa vibanio vya nguo, hivyo likamkaa vizuri mnene na mwembamba, mkubwa na mtoto. Katika bahasha 17 nilizobeba, koti hilo liko katika tisa. Kwa miaka mingi niliwachukulia karibu wote hao kuwa raia. Mama mshonaji alicheka kwa mshangao, akaniambia kwamba wengi wao walikuwa askari. Askari alikuja na sare yake, akapiga picha moja ya sare kwa ajili ya wenzake na mchumba, kisha akaomba koti kwa ajili ya picha ya kumpelekea mama. Hakuhitaji kuvua chochote. Koti lilikaa juu ya sare, kola ikaziba shingo, na baba akakata picha kiunoni ili viatu vya jeshi visionekane. Raia nao waliomba kinyume chake: kijana muuza sigara alimwomba askari aliyekuwa akisubiri zamu amwazime kofia au koti la sare kwa dakika tano. Jambo hilo baba alilikataa, kwa sababu alijua picha ya namna hiyo ingeweza kusomwaje siku mji ukibadilisha wenyewe.

Jioni hiyo mama mshonaji aliwatambua watu watatu, na mmoja wao alikuwa muuza samaki wa soko la Virunga, umbali wa dakika kumi. Alikuwa amepigwa mwaka 1999 na watoto wawili, redio ya studio juu ya meza. Alipoiona picha aliketi juu ya ndoo yake. Mtoto wa kushoto alifariki mwaka 2000 kwa homa, na hakuwahi kuwa na picha nyingine. Aliuliza mara mbili kama ni kweli kwamba anaweza kuondoka nayo. Kisha alifunga samaki wawili wa makayabu katika karatasi, akanikabidhi, na shangazi alipouliza usiku ule ni nani aliyetupa zawadi ile, nilishindwa kumwambia bila kusimama kwanza.

Siku ya tatu: Jumatano, 9 Agosti, Majengo

Asubuhi nilizunguka nyumba nne bila kumpata mtu. Mbili ziko chini ya lava, ya tatu imeuzwa, na katika ya nne kijana alinieleza kwa heshima kwamba familia hiyo ilihamia Uvira zamani. Mtu asikate tamaa haraka katika kazi hii, lakini pia asitegemee majina ya mitaa ya kabla ya 2002. Ni heri kuuliza kanisa, shule au soko.

Mchana nilifika kwa bibi mmoja wa Majengo. Bahasha yake ilikuwa ya mwanawe, aliyepigwa mwaka 2000 katika sare kamili ya jeshi la upande uliotawala wakati huo, mikono nyuma, kidevu juu. Nilikuwa nimemweleza mlangoni kwamba nimeleta picha, bila kusema picha ya namna gani, na hapa naomba atakayefanya kazi kama hii anisikilize: usiitoe picha ya mtu mwenye sare uani, mbele ya majirani. Ingia ndani, uketi, useme nani aliyeipiga na lini, uulize kama wanataka kuiona. Goma ilitekwa mwaka 1996, ikaasi mwaka 1998, ikaingiwa tena na waasi kwa siku chache Novemba 2012, na wakati wa safari yangu mapigano hayakuwa mbali na mji. Kila mabadiliko yalikuwa na moto wake wa picha. Watu walichoma albamu, wakazika picha chini ya mahindi, wakazishona ndani ya mito.

Bibi alifunga mlango. Aliitazama picha karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso la mwanawe, halafu akamwambia mjukuu alete mkasi. Alikata polepole, kuanzia bega la kushoto, chini kidogo ya kidevu, mpaka bega la kulia, na mkono wake haukutetemeka. Sehemu ya juu, uso tu, kipande kisichozidi sanduku la kiberiti, aliiweka ndani ya Biblia. Sehemu ya chini, yenye sare, alinirudishia.

“Hii ni ya serikali ile,” alisema. “Mtoto ni wangu.”

Nilitaka kumwambia kwamba baba alijitahidi sana katika picha ile. Ilikuwa wakati umeme ulikatika kwa wiki kadhaa na mashine ya kukuzia haikufanya kazi, hivyo baba alilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, akaibana kwa kioo na kuimulika kwa tochi huku akihesabu kwa sauti. Ndiyo sababu picha za miezi hiyo ni miraba midogo ya sentimita sita, sawa na negativu yenyewe, na ndiyo sababu zina madoa ya njano, kwa kuwa maji yalichotwa ziwani kwa vidumu na hayakutosha kuosha dawa ya kukazia. Sikusema. Bibi alinipa bitoke na maharage, nikala mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Kipande cha sare kimo katika bahasha yake hadi sasa.

Familia nyingine, jioni, ilikataa kabisa kuipokea picha ya ndugu yao. Walizungumza nami wakiwa wamesimama. Ninawaelewa.

Siku ya nne: Alhamisi, 10 Agosti, Katindo

Siku hii ningeweza kuiruka, kwa sababu sikukabidhi bahasha yoyote. Lakini mchana nilikwenda kwa kijana mpiga picha wa Katindo, rafiki wa binamu yangu, ili anisaidie kupiga nakala za picha zote 112 kwa kamera yake, kazi ambayo hakuitoza hata faranga moja. Tulipokuwa tukisubiri umeme urudi, alinionyesha kwenye kompyuta mkusanyo mmoja wa Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, uliotolewa na familia ya Liljenquist kuanzia mwaka 2010: picha za askari wa pande zote mbili na za raia, zilizopigwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Nilikaa mbele ya kioo hicho mpaka giza. Nyingi ya picha hizo zilitengenezwa juu ya kioo au bati jembamba, hazikuwa na negativu, kila moja ni yenyewe tu, kama zetu. Vijana wa miaka ile nao waliketi mbele ya pazia la kuchorwa. Kuna moja ya askari Mweusi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, ameketi na mke wake na binti zao wawili waliovaa makoti na kofia zinazofanana, wote wanne wanatazama mbele kwa utulivu wa watu waliojua kwamba picha hii itaishi kuliko wao. Kwa muda mrefu chini yake iliandikwa kwamba jina lake halijulikani. Za namna hiyo ziko nyingi mno. Kijana alisema kwamba wanaofanya kazi juu yake huchunguza vifungo, mikanda na namba za kofia ili kurudisha jina kwa mtu.

Alinieleza pia habari ya Amos Humiston, sajini aliyeuawa katika mapigano ya Gettysburg Julai 1863. Hakuwa na kitu cha kumtambulisha isipokuwa picha ya kioo ya watoto watatu iliyokuwa mkononi mwake. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha, hivyo yakawaeleza watoto kwa maneno, tena kwa makini: umri wao, walivyokaa, na kwamba shati la mvulana mkubwa limeshonwa kwa kitambaa kilekile cha gauni la dada yake. Mama aliyeshona nguo hizo alisoma maelezo hayo huko Portville, jimbo la New York, na ndivyo alivyojua kwamba ni mjane.

Usiku nilirudi Himbi nikazipanga bahasha zangu juu ya kitanda. Kwa siku tatu nilikuwa nimewauliza watu kuhusu nyuso. Sasa nilitazama vitambaa.

Siku ya tano: Ijumaa, 11 Agosti, Birere, Keshero na Bulengo

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa mama mshonaji na picha mbili za wasichana waliovaa kola za aina moja, nyeupe, zenye ncha za mviringo. Hakusita. Kola hizo alizishona mwaka 1998 kwa kwaya ya parokia moja, thelathini na mbili kwa jumla, na alikumbuka hata kwamba malipo ya mwisho yalichelewa. Mwalimu wa kwaya bado yupo. Kabla ya saa sita nilikuwa nimekabidhi bahasha zote mbili: moja kwa mwenyewe, ambaye sasa ni muuguzi, nyingine kwa dada wa marehemu. Muuguzi alicheka kwa furaha, akawaita wafanyakazi wenzake, akaning'ang'ania nipige picha naye akiwa ameishika. Mbili kati ya bahasha zilizotambuliwa siku ya pili nazo zilifika siku hiyo kupitia kwa mwanafunzi wa mama mshonaji, jambo nililoelezwa jioni kwa simu.

Bahasha niliyoihofia nilikuwa nimeiacha ya mwisho. Daftari linasema: “Desemba 1996. Kadogo. Koti. Nusu. Kwa fundi wa chukudu, Keshero. Anasema atachukua akirudi.” Kadogo ni jina walilopewa watoto walioingizwa katika jeshi la AFDL, waliotembea kwa miguu hadi Kinshasa na kuingia tarehe 17 Mei 1997. Katika picha koti limembana vizuri mabegani, kazi ya vibanio, lakini mikono ya koti imezidi, na vidole tu ndivyo vinavyochungulia. Anaonekana kuwa na miaka kumi na miwili.

Mafundi wa chukudu wa Keshero wanafahamiana. Wa tatu niliyemuuliza alikuwa akichonga gurudumu la mkaratusi, akaendelea kuchonga mpaka nilipotaja mwaka. Hapo akaweka patasi chini, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Papa yako alinibana mgongoni,” alisema, “akaniambia nisivute pumzi.”

Tuliketi juu ya magogo. Karakana ilikuwa ya mjomba wake, naye aliirithi. Aliitazama picha bila kuishika, nikiwa nimeishika mimi. Alieleza kwamba alitaka mama yake, aliyekuwa Masisi, amwone amevaa koti, aamini kwamba yuko shule mjini. Aliporudi kutoka magharibi, baada ya miaka minne, mama alikuwa amekwisha kufa, na yeye hakuona sababu ya kwenda studio. Aliuliza alibakiza kiasi gani. Nilimsomea, lakini kiasi hicho kiko katika zaire, sarafu iliyoondolewa mwaka 1998. Akafikiri. Akatoa faranga 5,000 mfukoni.

“Hii si ya kumaliza, yaya. Ni ya kuongeza. Picha uiweke kwanza. Nitakuja kuichukua Bukavu.”

Nilimwambia kwamba baba amefariki, na kwamba deni hilo tayari tunalihesabu limekwisha. Alikataa kwa upole, akasimama, akashika patasi.

Kutoka Keshero nilimwomba dereva wa moto anipeleke Bulengo, kwenye kambi ya watu waliokimbia mapigano ya Masisi, kwa faranga 3,000, kwa sababu sikuwa tayari kurudi nyumbani. Ukingoni mwa kambi kijana alikuwa ametundika kitenge kati ya miti miwili, akiwapiga picha wakimbizi kwa simu. Mama mmoja alikuwa akimpangusa mtoto uso kwa ncha ya kanga kabla ya zamu yao. Kijana alisema wengi hutuma picha hizo kwa ndugu walioko eneo la Nyiragongo au Kampala, kuonyesha kwamba wako hai. Nilikumbuka yale ambayo baba alisimulia kuhusu mwaka 1994, wakati wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda walipoingia Goma, na watoto waliopoteana na wazazi wakapigwa picha moja moja, namba kifuani, picha zikatundikwa kwenye mbao kambini ili mzazi apite atazame. Nilimwomba kijana jambo moja tu, kwamba aandike majina. Akanionyesha daftari. Alikuwa akiandika tangu mwanzo.

Siku ya sita: Jumamosi, 12 Agosti, kurudi

Meli ya kurudi iliondoka kwa wakati, na hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba safari hii nilikuwa na blanketi la shangazi. Kwa siku zote sita nilitumia dola 92: thelathini za meli kwenda na kurudi, na zilizobaki karibu zote zikaenda kwenye moto, chakula na sukari niliyompelekea shangazi. Wanaotaka kutafuta picha za wazee wao wajue kwamba gharama kubwa zaidi ni muda wa kuketi kwa watu. Nyumba moja kwa nusu siku si nyingi.

Kati ya bahasha 17, sita zimefika kwa wenyewe au jamaa zao. Moja ilikataliwa. Kumi zimerudi nami, na mama mshonaji amebaki na nakala zake, anaendelea kuuliza.

Jumapili jioni nilifungua daftari la baba kwenye ukurasa wa Desemba 1996. Safu yake ya malipo ina maneno mawili tu kutoka juu hadi chini, “yote” na “nusu”. Kando ya “nusu” ya kadogo niliandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa kama zake: “Agosti 2023, ameongeza 5,000. Atachukua.” Nikairudisha bahasha ndani ya kopo, juu ya nyingine zote.